Kampuni changa za ulinzi wa mtandao na mteja aitwaye Serikali

Mwishoni mwa Julai 2023, abiria waliotaka kwenda Mombasa kwa treni ya SGR walishindwa kukata tiketi mtandaoni. Majumbani, watu walinunua tokeni za umeme wakangoja wee. Wageni waliokuwa wakisubiri viza za kielektroniki hawakupata jibu, hadi Serikali ya Kenya ikatangaza kwamba watapewa viza wakishawasili. Nyuma ya adha hizo kulikuwa na shambulio dhidi ya eCitizen, jukwaa lililokuwa likibeba zaidi ya huduma 5,000 za Serikali. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitapa kuwa ndilo lililofanya. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mfumo ulirundikiwa maombi ya uongo hadi yale ya kweli yakakosa pa kupita, kama genge linalojazana mlangoni mwa duka bila nia ya kununua. Waziri wa TEHAMA wa wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea.

Kuzuia zahama ya namna hiyo ni biashara, na wanaoijua biashara hiyo wapo hapa hapa. Mkutano wa AfricaHackon umekuwa ukiwakusanya wadukuzi wa heri jijini Nairobi tangu 2014, na vyuo vya Dodoma, Dar es Salaam, Kampala na Kigali vinatoa vijana wanaoweza kuupima mfumo na kuonyesha ulipotoboka. Ujuzi si haba. Vijana hao wakianzisha kampuni hukwama kwenye maswali mawili: nani atatoa mtaji, na Serikali, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote, itanunuaje kitu kwa kampuni ambayo mwaka jana haikuwepo. La kwanza hujadiliwa kwenye vikao vya wawekezaji na la pili kwenye semina za manunuzi, kana kwamba hayajuani. Lakini mwekezaji anauliza wateja wako wapi, na mteja wa Serikali anauliza mtaji uko wapi, na kijana anazungushwa kati ya ofisi hizo mbili hadi akiba inaisha.

Ulinzi wenyewe ni bidhaa ngumu kuuza. Muuza mchele humwaga punje kiganjani mnunuzi azikague. Muuza ulinzi anauza jambo lisitokee, na lisipotokea mhasibu anauliza fedha zilikwenda wapi. Isitoshe, hawezi kujitangaza kwa kazi aliyokwisha kuifanya, maana benki iliyokutwa na matundu haitaki jina lake litajwe kwenye tovuti ya mtu. Wawekezaji wengi wa Afrika Mashariki wamezoea programu za malipo na mikopo, ambazo wateja wake huhesabika kila asubuhi. Humsikiliza kijana wa ulinzi kwa adabu, wanamsifu, wanamuaga.

Wapo waliojenga bila kuwategemea kabisa. Afrika Kusini ina kampuni iitwayo Thinkst, iliyoanzishwa na Haroon Meer. Bidhaa yake, Canary, ni kijisanduku kidogo unachokichomeka kwenye mtandao wa ofisi kikajifanya seva yenye siri nono. Mfanyakazi mwaminifu hana haja ya kukigusa. Mwizi hukigusa, na papo hapo taarifa inatumwa. Thinkst iliweka bei yake wazi kwenye tovuti, jambo ambalo kampuni za ulinzi hulikwepa, na mwaka 2021 ilieleza kuwa mapato yake ya mwaka yamepita dola milioni 11 bila senti ya mwekezaji wa nje. Kabla yao kulikuwa na Mark Shuttleworth, aliyeanzisha Thawte mwaka 1995 kwenye gereji ya wazazi wake karibu na Cape Town. Thawte iliuza vyeti vya kuthibitisha kwamba tovuti ni ya mwenyewe na mawasiliano yake yamefungwa. Siku hizo Marekani ilizibana kampuni zake zisiuze nje teknolojia kali ya kuficha ujumbe, na kijana wa Cape Town hakufungwa na sheria hiyo. Desemba 1999 VeriSign ya Marekani ilinunua Thawte kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 575. Shuttleworth alikuwa na miaka 26.

Hadithi ya Thawte husimuliwa sana kama ya bidii ya mtu mmoja, na bidii ilikuwepo. Lakini soko lake lilipanuliwa na serikali, tena serikali ya ng'ambo, iliyokuwa ikijaribu kufanya jambo jingine kabisa.

Israel na Marekani ziliamua kutoiachia bahati kazi hiyo. Mwaka 1993 Israel ilianzisha mpango wa Yozma kwa dola milioni 100 za umma. Fedha nyingi hazikupelekwa moja kwa moja kwa kampuni changa. Ziligawiwa kwa mifuko 10 ya mitaji. Katika kila mfuko Serikali iliweka takribani asilimia 40 na kiasi kilichobaki kikatoka kwa wawekezaji binafsi, wengi wakiwa wa nje. Wawekezaji hao walipewa haki ya kununua sehemu ya Serikali ndani ya miaka 5 kwa bei ya awali pamoja na riba. Yaani Serikali ilikubali kubeba hasara na wao ikiwa mambo yangeharibika, na kuwaachia faida kama yangenyooka. Mwaka huo huo Gil Shwed na wenzake wawili walianzisha Check Point. Shwed alikuwa ametoka katika Kikosi 8200 cha ujasusi wa mawasiliano, na hapo ndipo penye siri kubwa kuliko Yozma: jeshi lilikuwa limeshawafundisha vijana kazi kwa gharama zake, likawaacha waondoke na ujuzi wao.

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1999 CIA ilisaidia kuanzisha In-Q-Tel, taasisi isiyogawa faida ambayo kazi yake ni kuwekeza katika kampuni changa zenye teknolojia ambayo majasusi wanaihitaji. Mkuu wake wa kwanza, Gilman Louie, alitoka kwenye biashara ya michezo ya kompyuta. In-Q-Tel ilipoingia FireEye mwaka 2009, ilileta kitu kizito kuliko hundi. Uwekezaji wake huambatana na mkataba wa kazi, ili bidhaa ijaribiwe na watumiaji wa kweli ndani ya Serikali, na wawekezaji wengine wakiona hivyo hulegeza mikono. Mteja na mtaji huingia kwa mlango mmoja.

Je, Afrika Mashariki imewahi kuonja fedha za umma zikizaa teknolojia? Imewahi, na matunda yake yako mfukoni mwa karibu kila Mkenya. Kabla M-Pesa haijazinduliwa mwaka 2007, Vodafone ilipata karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa ushindani wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, kwa masharti kwamba nayo ichangie sehemu yake. Kwa kampuni kubwa kiasi hicho hakikuwa kitu. Kilichosaidia ni kwamba kiliwapa watu wachache ndani ya kampuni ruhusa ya kujaribu jambo ambalo wakubwa wao wasingelipa kipaumbele.

Mifuko yetu ya umma imeshonwa kwa kipimo kingine. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo inafaa kwa bodaboda, cherehani na mabanda ya kuku, na si vibaya. Lakini kampuni ya kupima udhaifu wa mifumo haina pikipiki ya kuonyesha. Mali yake ni watu wanne na kompyuta zao, na mishahara yao ya miezi 9 kabla ya mteja wa kwanza kulipa.

Hapo ndipo macho yanapogeukia zabuni. Fungua kabrasha la kawaida la zabuni ya mifumo, la Nairobi au la Dodoma. Utatakiwa cheti cha usajili, uthibitisho wa kulipa kodi, hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, orodha ya kazi za aina hiyo hiyo ulizowahi kufanya na barua za wateja wa kazi hizo, ambao, kama tulivyoona, hawataki kutajwa. Utaombwa dhamana ya zabuni kutoka benki. Na mara nyingi utakuta sharti la barua ya mtengenezaji inayokuruhusu kuuza bidhaa yake. Sharti hilo liliandikwa kwa ajili ya mawakala wanaoleta vifaa kutoka nje. Kampuni iliyoandika programu yake yenyewe inabaki ikijiuliza kama ijiandikie barua ya kujiruhusu. Hakuna aliyekaa kupanga kuwafungia vijana nje; kabrasha hilo ni la kununulia printa, na limebaki vilevile.

Kenya imejaribu kulegeza. Sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi ya umma itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kundi hilo lina nafuu kwenye dhamana ya zabuni. Tanzania nayo ina tengo kwa makundi maalumu. Lakini tengo huhesabiwa kwa shilingi, bila kujali ni za kazi gani. Ofisa manunuzi anayetafuta kuitimiza asilimia hiyo kabla mwaka wa fedha haujaisha atakimbilia karatasi, wino na chakula cha semina, vitu ambavyo havimkoseshi usingizi, kabla hajampa kijana wa miaka 25 funguo za mfumo wa mishahara.

Na kushinda zabuni kunaweza kuwa mwanzo wa matatizo. Mwaka 2023 Kenya iliunda kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuhakiki madai ya watu waliofanya kazi au kuuza bidhaa kwa Serikali bila kulipwa. Kipindi kilichotakiwa kuhakikiwa kilianza Juni 2005 na kuishia Juni 2022. Mtoto aliyezaliwa wakati deni la zamani zaidi linaingia vitabuni alikuwa mtu mzima wa kupiga kura kamati ilipoanza kufungua mafaili. Kampuni kubwa ya ujenzi huweza kusubiri, ikaenda mahakamani, ikabanana na benki yake. Kampuni ya watu wanne ikisubiri miezi 8 inakufa, na inakufa ikiwa na LPO, hati ya agizo la Serikali, mezani. Marekani ina sheria ya tangu 1982 inayoitaka Serikali Kuu kulipa kwa kawaida ndani ya siku 30, ikichelewa ilipe na riba. Uingereza iliweka siku 30 katika kanuni zake za manunuzi za 2015. Mtu akiuliza msaada gani ungewafaa kwanza vijana wa ulinzi wa mtandao, mwandishi wa makala hii angeacha mifuko, vituo vya ubunifu na mashindano ya kupiga picha na waziri, akachagua siku 30 na riba.

La pili lingekuwa mkataba mdogo unaotoka haraka. Mfano mzuri ni wa Peiter Zatko, mdukuzi anayejulikana kama Mudge. Mwaka 1998 yeye na wenzake wa kundi la L0pht waliketi mbele ya Seneti ya Marekani wakaeleza kwamba wangeweza kuiangusha intaneti ndani ya nusu saa. Miaka 12 baadaye aliajiriwa na DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi, akakuta wadukuzi wazuri hawaombi fedha za Serikali kwa sababu makaratasi yake yalihitaji mwanasheria. Mwaka 2011 akaanzisha Cyber Fast Track. Maombi yalikuwa mafupi, fedha zilikuwa kidogo, jibu lilitoka kwa siku badala ya miezi, na mtafiti alibaki na haki ya kuuza alichokivumbua. Hadi mpango unafungwa mwaka 2013, zaidi ya miradi 100 ilikuwa imefadhiliwa.

Mradi mmoja ulikuwa wa Charlie Miller na Chris Valasek, waliopewa zaidi ya dola 80,000 wachunguze kama gari linaweza kudukuliwa. Walinunua Ford Escape na Toyota Prius, wakafungua dashibodi, wakazing'oa nyaya. Kiangazi cha 2013, katika uwanja mtupu wa kuegesha magari mjini South Bend, Indiana, walimweka mwandishi Andy Greenberg wa Forbes kwenye usukani wa Ford, wao wakakaa kiti cha nyuma na kompyuta mapajani. Greenberg alikanyaga breki, gari likatoa mgurumo, na halikusimama mpaka lilipojikita kwenye magugu marefu. Miaka 2 baadaye wawili hao waliingia kwenye Jeep Cherokee kutoka mbali, bila waya wowote, na Fiat Chrysler ikalazimika kuyaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Kwa bei ya magari machache, Serikali ilikuwa imenunua onyo ambalo sekta ya magari ilikuwa haijalisikia.

Kuna jambo jingine ndani ya mikataba ya namna hiyo ambalo huku kwetu lina thamani kuliko fedha: ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zinafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na ni haki. Lakini kijana aliyekuta tundu kwenye tovuti ya halmashauri ana sababu nzuri ya kunyamaza. Akisema, ataulizwa alifuata nini humo. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilifungua zoezi la Hack the Pentagon kwa kushirikiana na HackerOne, kampuni iliyokuwa na miaka 4 tu. Watu zaidi ya 1,400 walijiandikisha, ripoti ya kwanza iliingia baada ya dakika 13, na udhaifu 138 ulithibitishwa. Gharama zote zilikuwa kama dola 150,000. Waziri wa Ulinzi, Ash Carter, alisema ukaguzi wa kawaida ungegharimu zaidi ya milioni 1. Wizara ilipata usalama kwa bei nafuu, na HackerOne ilipata mteja ambaye hakuna mwekezaji angemtilia shaka.

Wakati mwingine Serikali haihitaji kutoa hata hizo. Uingereza ilianzisha cheti cha Cyber Essentials mwaka 2014, orodha fupi ya kinga za msingi, kisha ikasema wanaotaka baadhi ya mikataba yake sharti wawe nacho. Maelfu ya kampuni ndogo zikajikuta zinahitaji kitu ambacho hazikujua namna ya kukipata. Mwaka 2017 shirika la ujasusi la GCHQ lilifungua kituo cha kulea kampuni changa mjini Cheltenham, kikaanza na kampuni 7 kwa miezi 3. Mojawapo ilikuwa CyberSmart, na biashara yake ikawa hiyo hiyo: kuzisaidia kampuni ndogo kupata cheti. Kalamu ilitangulia, soko likafuata, na wahandisi wa Serikali wakawa jirani wa kuulizwa.

Kalamu hiyo ipo hata huku. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa mtandao kwa mabenki mwaka 2017. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zilifuata: Kenya na Uganda 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Ya Kenya inataka uvujaji wa data uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72, na saa hizo 72 haziwezi kutimizwa na ofisi isiyo na mtu wa kujua kwamba imevuja. Kampuni kama Serianu ya Nairobi, inayoongozwa na William Makatiani, imekua ikihudumia soko la aina hiyo na kuchapisha ripoti kuhusu hali ya mashambulizi Afrika. Ukweli ni kwamba benki na SACCO, ambazo mdhibiti wake anaweza kuzifungia, zimewafaa vijana wa ulinzi kuliko wizara.

Zipo serikali zinazoona njia bora ni kufanya zenyewe. Tanzania ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na sheria ya 2019, na mifumo mikubwa, ukiwemo ule wa manunuzi wa NeST ulioanza 2023, imejengwa na wataalamu wa ndani. Fedha zimebaki nchini na siri zimebaki serikalini, na hilo si dogo. Lakini kijana hodari akishaajiriwa humo, kampuni ambayo angeianzisha haizaliwi. Togo imejaribu njia ya katikati: Serikali na kampuni ya Asseco ya Poland ziliunda kwa ubia Cyber Defense Africa, inayolinda mifumo ya nchi na kuuza huduma kwa wengine.

Ukaribu na Serikali una upande wake mchungu pia. Kampuni ya Hacking Team ya Milano ilianza kama kampuni nyingine yoyote changa, na miongoni mwa waliowekeza humo ulikuwa mfuko wa umma wa mkoa wa Lombardia. Iliuza programu za kupenya kwenye simu na kompyuta. Julai 2015 nayo ilidukuliwa, zaidi ya gigabaiti 400 za barua na ankara zikamwagwa mtandaoni, na wateja wakaonekana, zikiwemo idara za usalama za Ethiopia na Sudan. Mwaka uliofuata Italia iliifutia leseni ya jumla ya kuuza nje ya Ulaya. Mlipa kodi wa Lombardia hakuwahi kuulizwa kama anataka kuwekeza katika kumchungulia mwandishi wa habari wa Ethiopia. Mpango wowote wa fedha za umma kwa kampuni za ulinzi unaoacha nje swali la nani atauziwa nini unangoja siku yake ya kumwagwa mtandaoni.

Kazi ya kwanza kati ya kampuni changa na ofisi ya umma inaweza kuwa ndogo sana. Taratibu za Kenya na Tanzania zinaruhusu manunuzi ya thamani ndogo kwa kuomba bei kwa wachache, bila kabrasha la zabuni ya wazi. Kupima tovuti moja ya halmashauri, wiki 2, watu wawili, ripoti ya kurasa 20, ni kazi inayoenea humo. Mkuu wa kitengo cha TEHAMA anaweza kuiombea bajeti robo hii ya mwaka. Atahitaji pia kutia sahihi barua inayotaja tovuti gani ipimwe, kuanzia tarehe gani, na kwamba watakaoipima hawatashitakiwa kwa kuipima. Barua hiyo haina kifungu kwenye bajeti, na katika ofisi nyingi hakuna aliyewahi kuiandika.